ULIZA FUNDI: Linux inasema kuna faili halipo, ina maana laptopu imekufa?

Mwezi huu nimeziweka pembeni barua za printa na za simu zilizojaa memori, wenye nazo mtanisamehe, maana mfuko mzima umekuja na ugonjwa mmoja. Watu wananunua laptopu za mtumba, wanachoka na Windows inayopumua kwa shida, wanapiga Linux, ule mfumo mwingine unaochukua nafasi ya Windows, afu katikati ya safari linatokea bango linasema femuwea haipo. Vitabuni mtakuta imeandikwa programu dhibiti, yaani programu inayoendesha kifaa kimoja ndani ya kompyuta, ila mi naandika femuwea kwa sababu ndo mnavyoniandikia, na ndo fundi yeyote pale Kariakoo atakavyokuelewa. Haya twende.

Swali

Fundi shikamoo. Mi ni mwalimu wa fizikia huku Babati. Nilinunua laptopu ya mtumba Arusha, mashine nzuri tu, nyembamba, ina SSD na RAM GB 8 ila haina tundu la waya wa mtandao. Rafiki yangu niliyesoma naye chuo akanipa flashi yenye Debian 11, aina moja ya Linux, ile ndogo ya netinst inayoshusha mengine yote mtandaoni, akasema piga hii utanishukuru. Ikabuti vizuri nikachagua lugha nikachagua kibodi, mara likatokea bango kwamba kuna vifaa vinahitaji mafaili ya femuwea yasiyo huru, chini yake orodha, iwlwifi-8265-36.ucode, iwlwifi-8265-35.ucode, 34, 33, inashuka hivyohivyo mpaka 22. Nimehesabu ni mafaili 15! Ikauliza kama nataka kuyapakia kutoka kwenye flashi, nikabonyeza Yes, bango likarudi lilelile, nikabonyeza tena na tena, mara ya nne nikachoka nikabonyeza No nikalazimisha mbele kwa mbele bila mtandao. Mwisho wa yote nimepata kioo cheusi kimeandikwa login, hakuna mausi hakuna dirisha. Fundi wa hapa mjini kaiangalia dakika mbili akasema kadi ya waifai imeungua, anataka elfu 45 aweke nyingine. Nimpe?

*Mwalimu wa Zamu, Babati*

Jibu

Marahaba mwalimu. Hiyo elfu 45 irudishe mfukoni.

Nianze na hilo la kadi kuungua maana linaniuma. Soma tena barua yako mwenyewe, laptopu imekuandikia 8265. Hiyo ni namba ya kadi ya Intel, Wireless-AC 8265. We hukuiambia, rafiki yako hakuiambia, na aliyetengeneza ile flashi hajui kama we upo duniani. Sasa nani kaitaja hiyo namba? Kadi yenyewe. Keneli, yaani moyo wa Linux, imepita inagonga mlango kwa mlango, hodi we nani, na kadi ikajibu mi ni 8265. Marehemu anaitika jina lake mwalimu? Kadi iliyoungua kweli huwa haitokei popote, ukiandika lspci, amri ya kuorodhesha vifaa vya ndani, haimo kwenye orodha, na lile bango la femuwea hulioni hata siku moja kwa sababu hakuna wa kuombewa hiyo femuwea. Yaani kile kilichomfanya fundi wako aseme kadi imekufa ndo ushahidi kwamba iko hai.

Kilichotokea ni hiki. Kadi ya waifai ni kikompyuta kidogo ndani ya kompyuta, ina prosesa yake na memori yake, na inahitaji programu yake ya kuendeshea shughuli. Zamani watengenezaji walikuwa wanaichoma hiyo programu ndani ya kadi humohumo, siku hizi kadi nyingi zinakuja tupu, ukizima laptopu inasahau kila kitu, kama mlevi ambaye kila asubuhi lazima aelekezwe upya kwao ni wapi. Wa kuielekeza ni keneli, inachukua faili kwenye folda ya /lib/firmware inaliingiza ndani ya kadi ndipo kadi inaanza kazi. Draiva, ile programu ya upande wa Linux inayoongea na kadi, ipo mwalimu, inaitwa iwlwifi na iko kwenye ile Debian yako tangu mwanzo. Ambacho hakipo ni hilo faili la kulishwa kadi.

Na usitishwe na yale mafaili 15. Keneli inaanza na toleo jipya kabisa inalolijua, 36, ikikosa inauliza 35, ikikosa 34, mpaka inafika mwisho wa uvumilivu wake pale 22. Ni mtu mmoja anatafuta chenji anagonga duka hili na lile, shida yake ni chenji moja tu. Ukimpa hilo la 36 basi, mengine yote yanafutika.

Kwa nini Yes haikusaidia? Kwa sababu ile flashi ya kuinstolia haina hilo faili ndani. Ukibonyeza Yes inasaka kwenye flashi na diski ulizochomeka, haikuti, inarudi kukuuliza. Ungekuwa na flashi ya pili yenye hilo faili ingelichukua.

Sasa njia. Ziko tatu.

Ya kwanza, achana na hiyo Debian 11, ni ya Agosti 2021. Kuanzia Debian 12 iliyotoka Juni 2023 femuwea zimo humohumo kwenye installa ya kawaida, na Debian 13 ilitoka Agosti 2025 nayo ni hivyohivyo. Netinst ya zamani ilikuwa chini ya MB 400, hizi za sasa zimezidi MB 600, bando litauma kidogo ila unalipia mara moja. Kama huna kompyuta nyingine ya kuandikia flashi, simu ya Android inatosha, kuna programu inaitwa EtchDroid unachomeka flashi kwa kile kiwaya cha OTG inaandika ISO, lile faili zima la kuinstolia, moja kwa moja. Kwa sababu mfumo uliopata sasa ni mtupu hauna kitu chako ndani, we rudia tu kuanzia mwanzo, kuokoa kile kioo cheusi ni kazi ya mtu asiye na vipindi vya kufundisha.

Ya pili, kama bando ni la kuhesabu, baki na hiyo 11 ila tumia simu kupakua kifurushi kimoja tu kinaitwa firmware-iwlwifi kutoka kwenye ghala la Debian, chagua kile cha bullseye ambalo ndo jina la Debian 11. Ni MB chache hazifiki 20. Chukua flashi nyingine iliyofomatiwa FAT32, tengeneza folda uiite firmware kwa herufi ndogo, weka lile faili la .deb ndani yake bila kulifungua, bango likitokea chomeka flashi ya pili ndo ubonyeze Yes. Hapo haitakurudia.

Ya tatu ndo ninayoipenda kuliko zote kwa sababu imeniokoa sehemu nyingi, hata kwa watu ambao shida yao haikuwa femuwea. Simu yako ya Android ni kadi ya mtandao. Chomeka waya wa USB kati ya simu na laptopu kabla installa haijafika kwenye mambo ya mtandao, ingia kwenye setingi za simu sehemu ya hotspoti, washa ile ya kugawa mtandao kwa USB, sio ile ya waifai. Laptopu inaiona simu kama waya wa kawaida wa mtandao, inakuja kwa jina usb0 au jina refu linaloanza na enx, unaichagua unaendelea, na haihitaji femuwea yoyote. Hapo kwenye lile bango unabonyeza No kwa amani kabisa kwa sababu mtandao unao tayari, kile kifurushi cha firmware-iwlwifi utakiweka baadaye kwa mtandao huohuo. Ila angalieni waya! Kuna waya za kuchajia tu, ndani zina nyuzi mbili za umeme hazina nyuzi za data, utawasha na kuzima mpaka jioni na kile kitufe cha kwenye simu kitabaki cha kijivu hakibonyezeki, kumbe kosa ni waya wa buku. Tumia waya uliokuja na simu. Na kama shuleni kuna waifai, simu iunge kwenye hiyo waifai halafu ndo uigawe kwa USB, simu nyingi zinakubali, bando lako linabaki salama. Hilo la bando nalikazia maana netinst ikifika sehemu ya kuchagua desktopu inashusha mzigo mkubwa, GNOME peke yake inaweza kukukomba zaidi ya GB moja.

Ukishamaliza, kuhakikisha fungua terminal, lile dirisha la kuandikia amri, uandike

su -
dmesg | grep -i firmware

Ikiwa mambo mazuri utaona "loaded firmware version 36" na namba nyingine mbele. Ikiwa bado utaona "Direct firmware load for iwlwifi-8265-36.ucode failed with error -2". Hiyo -2 watu wengi wanadhani ni kosa kubwa la kutisha, maana yake ni faili halijaonekana, basi. Mwonyeshe na huyo fundi wako.

Mi mwenyewe nilishaingia mkenge huu ndo maana naongea kwa uchungu. Miaka ya nyuma nilikuwa na laptopu ya kampuni moja siitaji, waifai ikagoma kwenye Linux, nikakimbilia Kariakoo nikanunua kadi nyingine nikafungua nikaweka, kuwasha mashine inaniandikia kadi hii hairuhusiwi, inazima. Kumbe kuna laptopu BIOS yake, ile programu ya kwanza kuamka ukiwasha mashine, ina orodha ya kadi inazozikubali na nyingine zote inazikataa. Nikarudisha ile ya zamani kichwa chini, nikasoma ujumbe kwa mara ya kwanza, jina la faili lilikuwa limeandikwa pale siku zote. Hela ya kadi ndo ilishakwenda.

Swali

Sasa fundi. Mimi niko Eldoret, anko yangu alinipea laptopu yake ya kitambo nikaweka Debian 12, ile mlisema iko na femuwea zote ndani. Waifai bado imekataa. Nikiangalia na lspci naona Broadcom BCM4312 halafu 14e4:4315. Nikaambiwa niandike apt install firmware-b43-installer, ikaanza vizuri halafu ikalia eti haiwezi kufika kwa intaneti. Si hiyo ni mchezo? Nataka waifai ndio nipate intaneti, na inataka intaneti ndio nipate waifai.

*Kijana wa Langas, Eldoret*

Jibu

Pole kaka, umekutana na kuku na yai wa kweli kabisa. Nilipoandika femuwea zimo nilitakiwa niseme zimo zile ambazo watengenezaji wameruhusu zigawiwe. Intel wameruhusu, Realtek wameruhusu, Broadcom kwa hizi kadi zao za zamani zinazotumia draiva ya b43 hawajawahi kuruhusu, kwa hiyo Debian haiwezi kuiweka kwenye flashi hata ikitaka, wala Fedora.

Kile kifurushi ulichokitaja ni gunia tupu lenye maelekezo. Ukikiinstolu kinaenda kwenye intaneti kinachukua draiva ya zamani ya Broadcom yenyewe, halafu kuna kikorokoro kinaitwa b43-fwcutter, jina linajieleza, kinakata femuwea kutoka ndani ya ile draiva kama mtu anayetoa nundu kwenye ng'ombe, inawekwa kwenye /lib/firmware/b43. Kwa hiyo lazima intaneti ya kuanzia itoke kwingine, waya au simu yako kwa USB kama nilivyomweleza mwalimu hapo juu. Hakikisha kwenye /etc/apt/sources.list, faili linaloorodhesha maghala ya programu, neno contrib lipo maana kifurushi kinakaa upande huo. Halafu

apt update
apt install firmware-b43-installer
modprobe -r b43
modprobe b43

Ikiwaka, kabla hujaenda kusherehekea, kopi ile folda nzima ya /lib/firmware/b43 iweke kwenye flashi au kwenye simu. Siku ukipiga upya mfumo unairudisha pale pale kwa mkono, unawasha tena draiva, intaneti haihitajiki. Mi ninayo yangu kwenye flashi moja ya tangu zamani na imeshatibu laptopu nyingi kuliko ninavyokumbuka.

Msomaji mwingine mwenye Broadcom usikopi jibu hili kichwa kichwa. Angalia zile namba nne za mwisho. Ikiwa yako ni 14e4:4365, hiyo ni BCM43142, b43 haikusaidii kitu, unahitaji broadcom-sta-dkms pamoja na linux-headers-amd64, na hiyo ni draiva kamili sio femuwea. Jina la kampuni halitoshi, ni namba. Namba unazipata hivi

lspci -nn | grep -i network

8086 mwanzoni ni Intel, 10ec Realtek, 168c Atheros, 14e4 Broadcom. Ukiniandikia barua bila hizo namba nitakurudishia.

Swali

Fundi mambo. Nikiapdeti Debian yangu inatoa mistari kibao "W: Possible missing firmware /lib/firmware/rtl_nic/..." na nyingine za i915. Mtandao unafanya kazi, kioo kinafanya kazi. Nina mgonjwa au sina?

*Mama wa Steshenari, Tandika*

Jibu

Huna mgonjwa dada. Hiyo W ni tahadhari. Draiva moja inahudumia kadi za aina nyingi, na wakati wa kuandaa mfumo wa kubutia inataja mafaili yote ambayo ingeweza kuyahitaji kwa kadi zote inazozijua, zikiwemo ambazo laptopu yako haijawahi kuziona. Ikikukera instolu firmware-realtek na firmware-misc-nonfree, mistari mingi itapotea. Isipokukera endelea kutoa fotokopi.

Swali

Habari fundi. Nilihama kutoka Debian 11 kwenda 12 kwa kubadili tu neno bullseye kuwa bookworm kwenye sources.list, kila kitu kikaenda vizuri. Waifai inafanya kazi kama zamani. Ila jamaa mmoja ananiambia femuwea zangu zimeganda toka hapo. Ananitania?

*Msomaji wa Mwanza*

Jibu

Hakutanii hata kidogo, na huyo jamaa mnunulie soda. Kwenye Debian 11 femuwea zilikuwa zinakaa sehemu ya ghala inayoitwa non-free. Debian 12 wakazihamishia kwenye chumba chake kipya, non-free-firmware. We ulibadili jina la toleo hukuongeza hicho chumba, kwa hiyo apt, ile amri ya kushusha programu, haiangalii huko, haikuletei kosa lolote, na mafaili yako yanabaki ya zamani. Mstari wako unatakiwa usomeke

deb http://deb.debian.org/debian bookworm main contrib non-free non-free-firmware

na mistari ya security na updates nayo iongezewe neno hilohilo mwishoni.

Usifikiri ni waifai tu. Prosesa yenyewe inapata femuwea yake, kwa Intel kifurushi ni intel-microcode na kwa AMD ni amd64-microcode, vyote vinakaa kwenye chumba hichohicho. Agosti 2023, miezi miwili tu baada ya Debian 12 kutoka, lilitangazwa tundu la usalama la prosesa za Intel waliloliita Downfall na tiba yake ilipitia hiyo hiyo microcode. Mtu aliyehama kama ulivyohama wewe hakuipata na huenda wala hakujua kama hakuipata. Ongeza neno, apt update, apt full-upgrade, ristati.

Swali

Fundi, kwa heshima zote sikubaliani nawe. Nasoma kompyuta hapa Dodoma na nilichagua Debian kwa sababu ya msimamo wake. Sasa wameweka programu zilizofungwa kwenye installa yao wenyewe, hakuna anayeweza kusoma ndani mna nini. Si wamesaliti? Na wewe unashangilia.

*Mpenda Uhuru, Dodoma*

Jibu

Karibu sana, barua yako ndo niliyoifurahia kuliko zote japo umenichapa. Ngoja niwaeleze wengine kwanza. Debian ilianza 1993, na 1997 wakaandika mkataba wao na jamii, ahadi ya kwanza ikiwa mfumo utabaki huru asilimia 100, yaani yeyote aweze kuusoma ndani na kuubadili. Kwa ahadi hiyo, 2011 walipotoa Debian 6 waliitoa na keneli iliyoondolewa femuwea zote zisizo huru. Aliyezihitaji alikuwa anatafuta ISO nyingine, isiyo rasmi, iliyofichwa kwenye ukurasa ambao mgeni hawezi kuukuta bila kushikwa mkono. Hali hiyo ikaenda zaidi ya miaka kumi. 2022 wanachama wakapiga kura, walioshinda ni waliotaka installa moja tu yenye femuwea ndani, na mkataba wenyewe ukaongezewa sentensi ya kuruhusu hilo. Hawakufanya kwa kificho, walibadili katiba yao mchana kweupe, kwa hiyo neno usaliti mi naliona zito.

Sasa tubishane. Unasema femuwea imefungwa hatuijui ndani. Kweli. Lakini chukua kadi mbili, moja femuwea yake imechomwa ndani kiwandani, nyingine inasubiri kulishwa faili na keneli. Zote mbili zimefungwa, zote mbili huwezi kuzisoma. Ile ya kwanza msimamo wa zamani ulikuwa unaipitisha bila swali kwa sababu haikuonekana, ya pili inazuiwa mlangoni kwa sababu ilikuwa na uaminifu wa kujitokeza. Tena hiyo ya pili angalau naiona faili lake, najua toleo lake, likiwa na tundu la usalama linabadilishwa. Sikatai kwamba ingekuwa bora zote ziwe wazi, nakataa kwamba kumfichia mwalimu wa Babati faili moja ndo kulikuwa kunatuletea huo uhuru. Aliyeumia hakuwa kampuni ya chipu. Mtu wa Oslo au Munich alikuwa anachomeka waya ukutani anamaliza, aliyekwama ni mwenye laptopu moja isiyo na tundu la waya na bando la siku.

Ila we unayo haki yako na Debian wamekuachia mlango. Ukibuti installa, kwenye ule mstari wa kubutia ongeza firmware=never, haitaweka hata moja. Na kadi zinazokufaa zipo. Kadi za ndani za Atheros zinazotumia draiva ya ath9k, mfano AR9285 na AR9485, hazihitaji kulishwa faili lolote. Ukitaka ya USB, tafuta yenye chipu ya AR9271, femuwea yake kodi chanzo iliachiliwa 2013 na Debian wanaitoa kwenye main kabisa kwa jina firmware-ath9k-htc. Chunga tu dukani, kuna kifaa kinaitwa TL-WN722N watu wanakisifia kwa hilo, toleo la 1 ndo lina AR9271, la 2 na la 3 ndani wameweka chipu ya Realtek ilhali jina ni lilelile. Geuza usome toleo kabla hujatoa hela.

Swali

Asalaam aleikum fundi. Kaka yangu kanitumia laptopu mpya kabisa kutoka Muscat, ya AMD, si mtumba. Nimeweka Debian 12 mwenyewe, installa imekwenda bila tabu wala bango lolote, nimeristati, kioo kimekuwa cheusi kimya. Feni yazunguka, taa ya kibodi yawaka. Nimerudia mara mbili. Hii nayo ni femuwea au nimeletewa bovu?

*Bi. Mdogo, Unguja*

Jibu

Waaleikum salaam bibie. Ni femuwea, ila shida yako ni kinyume cha ya wenzako, wao laptopu imezeeka na ya kwako ni mpya kuliko mfumo uliouweka. Debian 12 ilifungwa 2023, keneli na mafaili yake ya AMD ni ya wakati huo, chipu ya picha iliyotoka baadaye haijui. Wakati wa kuinstolu ulikuwa unaona kwa sababu installa inatumia picha ya kawaida ya BIOS isiyohitaji ufundi, ukiristati draiva ya amdgpu inashika usukani, inatafuta faili lake, halipo, kioo kinazimika.

Ingia hivi. Washa, kwenye menyu ya GRUB, ile inayotokea kabla mfumo haujaanza, bonyeza herufi e, shuka mpaka mstari unaoanza na neno linux, nenda mwisho wake andika nomodeset ukiacha nafasi kabla yake, kisha bonyeza F10. Utaona kioo, picha zitakuwa nzito na hazipendezi lakini utaona. Hapo una hiari mbili, kuongeza ghala la bookworm-backports lenye vifurushi vipya zaidi kisha

apt install -t bookworm-backports linux-image-amd64 firmware-amd-graphics

au kuweka Debian 13 tangu mwanzo. Kwa laptopu mpya isiyo na kitu ndani mi ningeweka 13. Na ile nomodeset haibaki, uliiandika kwa safari ile moja tu.

Swali

Fundi kwani vipi. Femuwea ipo, dmesg imesema loaded, lakini waifai haioni mtandao hata mmoja. Nimepiga mfumo mara tatu wiki hii.

*Nimechoka, Morogoro*

Jibu

Usipige mara ya nne. Andika rfkill list. Ukiona "Hard blocked: yes" kuna swichi ubavuni mwa laptopu au kitufe cha Fn chenye alama ya mnara kimezimwa, labda na mtoto. Ikiwa "Soft blocked: yes" andika rfkill unblock wifi. Zote zikiwa no, niandikie tena, safari hii na zile namba.